Jibu: Skrini ya volti 12 kwenye konsoli ya betri

Ndugu, umeuliza kama skrini ya kamera ya gari iliyoandikwa volti 12 inaweza kuwaka kwa volti 5 za konsoli yako ya michezo inayotumia betri. Nyingi zinaweza. Usipandishe umeme wa betri hadi 12: bodi ya skrini itaushusha tena, na kila hatua inakula chaji na kuongeza joto ndani ya kasha dogo.

Fungua mgongo wa skrini, fuata waya wa umeme hadi kwenye chipu ndogo, mara nyingi ya miguu minane, iliyo jirani na koili (kipande chenye waya uliozungushwa). Hiyo ndiyo kishushio, yaani inayoshusha volti 12 hadi kiwango cha bodi. Washa skrini kwa volti 12 kama kawaida, kisha pima volti kwa multimeta (kipimo cha umeme) upande wa koili usiogusana na chipu. Tafadhali usikisie hapa! Ukisoma 5, endelea. Ukisoma 3.3, usiunganishe volti 5, utaiua bodi. Tafuta kishushio kidogo cha 3.3.

Zima kila kitu, ng'oa chipu ile kabisa ili umeme usirudi kinyume kupitia kwake, ndipo ulehemu waya wako pale ulipopima. Kuna bodi ambazo taa ya nyuma huchukua umeme wake kabla ya kishushio, kwa hiyo skrini ikibaki giza, anzia hapo.

Kama konsoli yako inatumia Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) kupeleka video ya kompositi, yaani picha ya analogi kwa waya mmoja, basi kwenye matoleo ya zamani ya mfumo wake, sdtv_mode=2 kwenye faili la mipangilio config.txt ni PAL, 0 ni NTSC; hizo ni aina mbili za mawimbi ya TV. Maandishi madogo yatakuwa na ukungu, lakini michezo ya zamani inapendeza sana.