Kabeberu kadogo kanapanda dada yake, tufanyeje?

SWALI: Dokta shikamoo. Sisi tunafuga kidogo tu hapa nyumbani, mbuzi watano, kuku, na sungura wawili wa watoto, kazi tunagawana, mi nakata majani, baba watoto anahangaika na banda. Sasa kuna kabeberu ka miezi mitano kalizaliwa hapahapa, watoto wamekapa jina na kanawafuata mpaka mlangoni, juzi nikakaona kanampanda dada yake. Baba watoto anasema acha wacheze, kale hakawezi kutia mimba. Mi sina raha kabisa. Alafu kuna mbuzi wetu mwingine alizaa mtoto dhaifu, hata kusimama alishindwa, inahusiana? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mama. Mwambie baba watoto taratibu tu, ila hapo kachemsha. Beberu wa miezi minne anatia mimba vizuri tu, wengine hata mitatu, na huyo dada yake naye anaweza kushika kabla mwili haujakomaa, hapo ndo balaa maana anakuwa bado anakua mwenyewe huku analisha mtoto tumboni, nyonga nyembamba, siku ya kuzaa anasukuma toka alfajiri hakuna kinachotoka. Jike asubiri walau afike theluthi mbili ya uzito wa mbuzi mkubwa wa aina yake.

Andika ile tarehe uliyowaona. Joto la mbuzi, yaani ile hali ya jike kutaka dume, linarudi kila baada ya siku 21 hivi, kwahiyo zikikaribia muangalie, mkia unatikisika ovyo, analia bila sababu, nyuma kumevimba na ute unatoka. Ukiona kimya, hesabu siku 150 kutoka ile tarehe, ila usikae kusubiri, muite daktari wa mifugo mapema, mimba ikiwa changa kuna sindano ya kuitoa.

Kabeberu katengeni leo, sio wiki ijayo. Au mkahasi, watoto wabaki na rafiki yao, ila hata baada ya kuhasi kawekeni mbali na majike mwezi na nusu hivi, mbegu zilizobaki bado zinafanya kazi (watu wengi hii wanaisahau alafu wanamlaumu aliyehasi). Beberu wa kupandisha tafuteni wa damu nyingine.

Yule mtoto dhaifu, undugu unaweza kuwa sababu lakini sio lazima, mara nyingi ni mama kutolishwa vizuri ile miezi miwili ya mwisho, au mtoto kuchelewa kupata dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Akizaliwa tena mwingine hivyo mkaushe, mpashe joto, anyonye ndani ya saa la kwanza, akishindwa kamua umnyweshe polepole. Na mbuzi akitupa mimba usishike kwa mikono mitupu, kuna ugonjwa wa kutupa mimba unaambukiza watu.

Alafu hao sungura wawili, mmewageuza mkaangalia? Kila mtu anasema wote majike, siku 31 baadaye anakuta manyoya yamejaa kwenye boksi na kitu kinajinyonganyonga humo ndani.