Sanduku la mpiga picha, kabla ya arobaini

Wiki hii umeingia ujumbe kutoka Mikindani. Dada mmoja amefiwa na baba yake, mpiga picha wa mtaani aliyesomesha watoto saba kwa kamera. Arobaini inakaribia, na ndugu wanataka picha moja kubwa ya marehemu ya kuning'iniza sebuleni. Hawaipati. Kila harusi ya mtaa ule ipo, yeye hayupo. Na baba mdogo anataka chumba kisafishwe, lile sanduku la mikanda ya picha liende jalalani.

Pole sana, dada. Mwambie baba mdogo, kwa adabu zote, kwamba mikanda hiyo ilishasafishwa mara moja, mzee alipotaka picha zitoke, inatosha.

Baba yako yumo humo, ila mnamtafuta pasipo. Mkanda wa kawaida una picha 36, na mpiga picha hakuwa tayari kuupeleka kusafishwa ukiwa na picha mbili tatu zimebaki, maana ni hela. Alikuwa akizimalizia nyumbani: mtoto ameegemea mlango, mama anachambua mchicha, kamera anapewa kaka mkubwa ajaribu. Kwa hiyo anzeni na vipande vya mkanda vyenye, pembeni, namba 34, 35, 36, na 36A kama ipo. Kisha tazameni kivuli. Mafundi wa zamani waliligeuzia jua mgongo, hivyo asubuhi na jioni kivuli chao kinaangukia chini ya picha, viwiko vimepanuka kwa kushika kamera. Angalieni pia vioo vya kabati na vioo vya magari ya harusi.

Sasa kufungua. Pwani yetu hii ya Mtwara na Lindi ni adui wa mkanda. Hewa ikipita unyevu wa asilimia 60 hivi, kuvu huanza kula ile jelatini iliyobeba picha. Chagueni siku kavu, umande ukishaondoka, madirisha wazi, mikono imeoshwa kwa sabuni na kukauka kabisa. Shikeni kingo tu. Kabla ya kutoa chochote, pigeni picha sanduku lilivyo, kwa sababu mpangilio wake ndio kumbukumbu: bahasha zilizolala pamoja huenda ni za msimu mmoja. Ukisema daftari lake la wateja lipo, basi una ufunguo. Linganisheni tarehe na bahasha, muandike namba kwa penseli laini kwenye bahasha ikiwa tupu. Kalamu ya wino inakandamiza na wino unahama.

Nuseni. Mkanda unaonuka siki unaoza wenyewe, na mvuke wake unaozesha jirani. Utengeni, msiufungie kwenye chombo kisichopitisha hewa, na huo ndio uskaniwe kwanza kwa sababu utaendelea kusinyaa na kujikunja.

Penye kuvu msifute kwa kitambaa cha maji. Narudia, maji hapana. Jelatini iliyoliwa na kuvu inayeyuka, utabaki na plastiki safi isiyo na mtu. Acheni vikauke kivulini, kisha brashi laini kabisa, nje ya nyumba, pua zimefunikwa. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu msiibandue. Ipigeni humo humo, kivulini, mpigaji akiwa nyuma ya khanga nyeusi ili kioo kisirudishe mwanga.

Steshenari nyingi zina skana ya karatasi, ambayo haina taa kwenye kifuniko, kwa hiyo mkanda utatoka mweusi. Usipopata skana ya mkanda, tumia simu mbili gizani: ya kwanza iwashe skrini nyeupe, juu yake sentimita 4 hivi weka kipande cha plastiki nyeupe ya maziwa (kifuniko cha kopo la aiskrimu kinafaa), mkanda juu ya plastiki, ya pili ipige. Ukiuweka skrini moja kwa moja, vidoti vya skrini vitaonekana. Namba za pembeni zisomeke sawasawa, la sivyo mzee atavaa saa mkono usio wake. Kisha geuza rangi, nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi, kwa programu ya simu. Mkanda wa rangi utatoka na ubuluu, upunguze. Hiyo inatosha kutambua watu. Ile moja ya sebuleni itafutieni skana halisi, dpi 3200 (nukta kwa kila inchi), mpate kama pikseli 4,500 kwa 3,000, na hapo sentimita 20 kwa 30 inatoka bila kuchuja. Ikitumwa WhatsApp itumwe kama faili.

Sasa arobaini yenyewe. Watu watatoka Masasi, Newala, Nachingwea, wazee wanaojua nani ni nani, na hawatakusanyika tena ua mmoja hadi msiba mwingine. Chapisheni nakala ndogo 50, kila moja na namba nyuma, mzitandaze kwenye mkeka baada ya chakula, mtoto mmoja akirekodi sauti: "Namba kumi na mbili, huyu ni nani, bibi?" Wateja watakuja kudai picha zao, wapeni nakala, mkanda usitoke. Za unyago na jando zisipite kwenye mkeka huo wala kwenye simu ya mtu. Mzee aliruhusiwa kuingia kwa sababu aliaminika, na hilo ninyi hamna ruhusa ya kulivunja.

Mkimaliza, bahasha za karatasi, kasha la plastiki lenye mfuniko, na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kasha likae mbali na ukuta wa saruji na si darini chini ya bati. Mikanda ya siki ibaki kando.

Na mkikosa kabisa sura yake, dada, msikuze paspoti ya kitambulisho. Kuzeni ile ya kivuli, watoto wakiwa mbele yake.