Fonti ndani ya kitabu pepe: niweke au niache?

SWALI: Shikamoo. Natayarisha kitabu pepe cha utenzi alioacha marehemu nyanya. Kila ubeti nauweka kwa herufi za Kiarabu, kama alivyouandika mwenyewe, na chini yake kwa herufi za Kilatini. Nimenunua fonti nzuri ya uchapaji. Je, niipachike kitabu kizima?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu nyanya, nawe hongera kwa kazi hii.

Beti za Kilatini ziache bila fonti. Kiswahili hakina herufi ambayo simu haiijui; hata ng' ni alama ya kawaida tu. Mzee ambaye macho yamepungua nguvu atakuza maandishi na kuchagua fonti aliyoizoea. Hiyo ni haki yake, usimnyang'anye.

Za Kiarabu ni habari nyingine, na hapo sitaki ubahatishe. Kama nyanya aliandika پ ya kipepeo au چ ya chuo, fonti isiyo na herufi hizo itamletea msomaji kisanduku kitupu, au kifaa kitaazima herufi kwenye fonti nyingine na neno likatike katikati. Hapa pachika.

Ila si lazima iwe hiyo uliyonunua. Isome leseni yake kwanza: nyingi za kuchapia karatasi haziruhusu kitabu pepe, maana faili la fonti lenyewe husafiri ndani ya kitabu. Mimi ningechukua fonti ya Scheherazade New ya SIL, shirika la lugha, au ile ya Amiri. Zote mbili ni za bure, zina herufi hizo, na leseni yake inaruhusu kuzipachika hata kwenye kitabu cha kuuza.

Ukitumia Sigil, programu ya kuhariri vitabu pepe, ongeza faili la fonti, litangaze kwenye CSS (faili la mitindo ya kitabu) kwa amri ya @font-face, kisha lielekeze kwenye beti za Kiarabu peke yake, ukiziwekea lang="sw-Arab" (Kiswahili kwa herufi za Kiarabu) na dir="rtl" (kulia kwenda kushoto). Tafadhali usizigeuze beti kuwa picha: msomaji hataweza kutafuta neno, na akikuza zinafifia. Picha ya ukurasa mmoja wa mswada, sawa, iweke mwanzoni. Mimi ningefurahi kuuona mwandiko wake.

Kabla ya kuuza, fungua kitabu kwenye simu mbili tofauti, badilisha fonti kwa makusudi, kisha usome beti za Kiarabu zote ukilinganisha na mswada. Kwenye Kindle, kisomaji cha Amazon, huenda msomaji akalazimika kuchagua mwenyewe fonti ya mchapishaji. Mwelekeze kwenye kurasa za mwanzo.