Kabla ya kukata utepe wa maktaba ya mtaa, ulizeni nani atalipa stima

Salamu wanajukwaa. Dada aliyefungua uzi huu anasema kikundi chao cha mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, kimeonyeshwa chumba katika ukumbi wa jamii, kimeahidiwa kompyuta kumi za mezani, na sasa wanataka kujua wamwendee nani awape pesa za kuanzisha maktaba. Wengi mmemtajia wafadhili. Mimi nimesaidia kuendesha chumba cha kusomea huku Eastlands kwa miaka kadhaa, na ningemwomba aanzie kwingine. Pesa za kufungua maktaba hupatikana. Kinachoziua hizi maktaba zetu ni kukosa pesa za kila mwezi.

Mfadhili hupenda kitu ambacho kinaonekana. Atapaka ukuta rangi, ataleta mashine, ataweka bango. Tokeni za stima (umeme wa kulipia kabla), bando la intaneti na posho ya mtu wa kufungua mlango asubuhi na kuufunga jioni hazimo katika hesabu zake. Sisi tulipewa kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika, tukazipokea kwa shukrani. Kompyuta ya namna hiyo pamoja na skrini yake inaweza kula wati mia moja au zaidi. Kipakatalishi hula kama nusu ya hapo au chini yake. Tulipoziwasha zote, tokeni zilikwisha tukiwa bado katikati ya mwezi, ikawa tunawasha chache na nyingine zinakaa zimefunikwa kitambaa. Tulipowarudia waliozileta tukiomba stima tu, tukaambiwa mradi ulishafungwa.

Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma wa Marekani, alilijua tatizo hili zamani. Kati ya 1883 na 1929 pesa zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani, na kwa kawaida alikuwa na sharti: mji utoe kiwanja, kisha baraza lake litenge kila mwaka, kutoka kodi za wananchi, asilimia 10 ya kiasi alichotoa. Ukipewa jengo la dola 10,000, umeahidi dola 1,000 za kuliendesha mwaka huu, mwakani na kila mwaka unaofuata. Natamani kila anayeleta msaada Nairobi angekuja na sharti kama hilo, kwa sababu lingeilazimisha serikali kuweka sahihi kabla ya picha kupigwa.

Na serikali yenyewe haitakuwa inatutendea hisani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na makavazi na viwanja vya michezo. Ila hapa Nairobi milango ni mingi, na barua ikipelekwa mlango usio wake itazunguka hadi mchoke. Maktaba ya McMillan ya Barabara ya Banda, iliyofunguliwa 1931 na kutengewa Wazungu peke yao hadi 1958, ilichukuliwa na baraza la jiji mwaka 1962; hiyo pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara iko chini ya kaunti. Buruburu na Kibera ni matawi yaliyotokana na KNLS, shirika la maktaba la taifa lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Halafu kuna vyumba kama chenu, ambavyo havina mwenyewe isipokuwa wanakikundi. Buruburu haiko mbali nanyi. Nendeni mkaongee na wakutubi wa pale kabla ya kununua hata rafu moja, mwaulize kama wanaweza kuwaazima vitabu kwa mafungu na kuwafundisha vijana wenu wawili watatu kazi.

Kuna aliyetaja Book Bunk, kundi la kukarabati maktaba za zamani za Nairobi lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, akasema "igeni hao". Nakubali, lakini tuige kilicho muhimu. Kazi ya Kaloleni na Makadara ilifanywa kwa makubaliano na kaunti, na wakazi wakaulizwa wanataka nini. Nyinyi mmeonyeshwa chumba kwa mdomo. Tafuteni barua: chumba ni chenu kwa muda gani, mita ya stima ni ya nani, paa likivuja anaitwa nani. Nimeona kikundi jirani kikitolewa ukumbini pamoja na vitabu vyake kwa sababu aliyewakaribisha alihamishwa, na aliyekuja baada yake hakukuta karatasi yoyote.

Sasa pesa za kaunti, ambapo ndipo nadhani watu wengi hupotea. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndio unaoweka viwango vya kila idara, unafika kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili. Wananchi wengi hujitokeza kwenye vikao vya mwisho mwisho, wakati kila idara imeshajua fungu lake, na kuongeza chako ni lazima kumnyang'anya mwingine. Nendeni Agosti. Rudini Februari. Mwakilishi wadi mumwone mapema, ofisini kwake, kabla hajazungukwa na watu ukumbini.

Katika vikao hivyo utasikia barabara, mitaro na taa za usiku, na wanaoyataja hayo wana haki kabisa. Ukisimama ukasema "elimu ni muhimu", kila mtu ataitikia na hakuna atakayeandika. Sisi tulibeba daftari la mlangoni. Kila anayeingia alikuwa anajaza umri, saa aliyofika, alichokuja kufanya, na kama alipata kiti. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyotubeba. Ilionyesha kwamba likizo za Aprili na Agosti, na wiki za kabla ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa kukosa nafasi. Ilionyesha pia kwamba wengi hawakuja kwa ajili ya vitabu vyetu. Walitaka meza, mwanga na kimya, vitu ambavyo chumba kimoja cha familia nzima hakiwezi kutoa. Baada yao walikuja vijana wa fomu za HELB (mikopo ya wanafunzi wa vyuo) na PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), na wazazi wasiojua waanzie wapi kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Hatukupewa yote tuliyoomba. Tulipata paa na nyaya mpya, na maktaba ikaandikwa kwenye mipango ya wadi, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko paa.

Jambo jingine ni hili. Sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kila mwanasiasa anataka kitu cha kuzindua. Stima na mishahara ni matumizi ya kawaida, na huko kila senti inagombaniwa. Kwa hiyo ombeni maendeleo yanayopunguza matumizi: paneli za sola na betri, taa za LED, vipakatalishi badala ya zile kompyuta za mezani. Kwa upande wa mkutubi, msiombe pesa. Ombeni kaunti iwapangie mfanyakazi wake hata kwa siku tatu za wiki.

Intaneti nayo isiwatishe. Kiwix, programu ya bure, hukuwezesha kuweka Wikipedia nzima kwenye kompyuta ndogo ya bei nafuu, na wanafunzi wakaisoma kwa waifai ya ndani bila bando. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za watoto za bure kwa Kiswahili na lugha nyingine za kwetu, na unaruhusiwa kuzichapisha. Koha ni programu huria nzuri ya kuendeshea maktaba, lakini mkiwa na vitabu mia chache daftari linatosha. Vitabu vya maboksi kutoka ng'ambo vipokeeni kwa kuchagua. Kwetu riwaya za Kiswahili zilikuwa zinaazimwa mpaka majalada yanachomoka, huku vitabu vya sheria za nchi za mbali vikijaza rafu.

Yule aliyependekeza watoto walipe shilingi hamsini kwa siku, tafadhali hapana. Anayehitaji ile meza kuliko wote ndiye atakayebaki nje. Watu wazima walipie uchapishaji wa karatasi, inatosha.

Dada, kabla ya kuzipokea hizo kompyuta kumi, mwombe mfadhili abadilishe ziwe vipakatalishi vitano pamoja na stima ya miaka miwili, kwa maandishi. Daftari la mlangoni lianzeni hata kabla ya vitabu kufika. Nitumie ujumbe wa faragha nikupe mpangilio wa safu zetu. Ukianza sasa, mtakuwa na kurasa za kutosha za kupeleka kwa mwakilishi wadi wenu Agosti.