Maswali na majibu: Anayekisifia kisanduku ndiye anayekiuza

Swali: Fundi, assalaam aleikum. Mimi niko Wete. Tuna kundi la simu la wapenzi wa sauti safi, wengine wetu wako Unguja, wengine Muscat. Mwenzetu mmoja tunayemheshimu kwa ujuzi wake amekuwa kwa miezi mitatu akisifia kisanduku cha DAC, kile cha kupokea muziki wa kidijitali kutoka kwenye simu kwa USB, kuugeuza kuwa umeme wa sauti na kuupeleka kwenye amplifaya. Bei yake laki nne na nusu. Nilikwenda kwake akanisikilizisha Siti binti Saad, kwanza kwa tundu la hedifoni la simu, kisha kwa kisanduku, na kweli ilikuwa mbingu na ardhi. Alisema nasikia mpaka hewa ya studio. Juzi nimegundua ndiye anayeviagiza na kuviuza dukani kwa shemegi yake, na hajapata kututajia. Sasa sijiamini hata masikio yangu. Nilirogwa? Nitapimaje mwenyewe, na chombo nilichonacho ni multimita tu, kile cha mafundi cha kupimia umeme? Pia anauza waya wa spika wa laki moja.

Jibu: Waaleikum salaam. Hukurogwa, na masikio yako ni mazima. Tofauti uliyoisikia yamkini ilikuwapo kweli, ila mimi naishuku volteji, yaani msukumo wa umeme unaokuza sauti, kabla ya kukishuku kisanduku.

Tundu la hedifoni la simu nyingi hutoa kama volti 1 sauti ikiwa imejaa, nyengine nusu yake. Vifaa vya mezani, tangu enzi za CD, hutoa volti 2, na visanduku vingine vya siku hizi hufika 2.5. Kutoka volti 1 hadi 2 ni desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na hapo hata aliye jikoni atajua sauti imepandishwa. Hatari zaidi ni tofauti ndogo. Kutoka 2 hadi 2.5 ni karibu desibeli 2, na mtu akizisikia hasemi "hii imepaa." Husema besi imejaa, qanuni inang'ara, mwimbaji amesogea mbele. Sababu ni kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio huipata besi kwa tabu. Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell huko Marekani, walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1933. Ongeza kidogo tu, besi inarudi, na muziki unakuwa kama mgonjwa aliyepata nafuu.

Nimewahi kuliona kwa macho, ghorofani katika duka moja hapa mjini. Mwenye duka alikuwa na swichi ya njia mbili, kisanduku cha bei ndogo huku, cha bei kubwa huku, na wateja watatu wamekaa kwenye mkeka wanatikisa vichwa. Nikaomba nichomeke multimita kwenye vituo vya spika. Cha bei ndogo kikasoma 1.62, cha bei kubwa 2.03. Ndiyo zile desibeli 2. Mwenye duka mwenyewe alishangaa, na mimi namwamini kwamba alishangaa. Alikuwa amejisikilizisha mwenyewe mwaka mzima.

Na wewe fanya hivyo hivyo. Pakua toni ya hezi 100, yaani mlio mmoja wa mitetemo 100 kwa sekunde. Kwingi utaona wanashauri hezi 1,000, lakini multimita ya bei rahisi imeundwa kwa ajili ya umeme wa ukutani wa hezi 50, ukiipandisha sana huanza kusema uongo. Iweke kwenye volti za AC, ncha zake kwenye vituo vya spika nyuma ya amplifaya, sauti ya wastani. Soma, andika. Badilisha chanzo, kutoka simu kwenda kisanduku, bila ya kugusa kinobu cha amplifaya, soma tena. Chenye volti nyingi ndicho cha kupunguzwa, ama kwenye sauti yake chenyewe, ama kwa potenshometa (kinobu cha kupunguzia sauti) ya omu 10,000 uliyoipachika kati yake na amplifaya, mpaka namba mbili zilingane ndani ya asilimia 1. Kimoja kikisoma 2.00, chengine kisizidi 2.02 wala kisishuke 1.98. Usilinganishe kwa masikio ukaridhika, maana hayo masikio ndiyo tunayoyapima.

Kisha mtafute mtu wa kukubadilishia nyaya nyuma ya khanga iliyotundikwa. Kila mara arushe sarafu kuamua kipi kipige, na asiseme neno. Tumia kipande kimoja cha sekunde 20 tu, kile kile, mara 10, na uandike jibu lako kabla ya kuambiwa. Ukipatia 9, una la kuzungumza, kwa sababu mtu anayebahatisha hupata 9 au zaidi kama mara 1 katika 100. Ukipatia 7, usikimbilie benki. Kubahatisha peke yake hukupa 7 au zaidi mara 17 katika 100.

Na kipande hicho kisiwe Siti binti Saad, Mungu amrehemu. Sahani zake zilianza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, kwa mitambo ambayo masafa ya juu haikuyashika vizuri. Hewa ya studio uliyoonyeshwa ni mkwaruzo wa sindano. Chukua taarab iliyorekodiwa siku hizi, yenye qanuni na fidla, kila donoo ikasikika inapoanza.

Waya wa laki moja nitaupitia haraka. Mita 5 za waya wa kawaida wa shaba wa milimita za mraba 1.5, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa kama omu 0.115. Kwa spika ya omu 8 unapoteza desibeli 0.12, hutozisikia. Kinachokula sauti huku kwetu ni chumvi ya pwani. Kata ncha zilizoota ukijani, zikwangue, kaza skrubu. Gharama yake ni kisu.

Sasa huyo mwenzenu. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hilo silihesabu kuwa dhambi, kwani bila ya mtu wa kuvuta ngozi ngoma haiwambwi. Anayeuza kitu mara nyingi ndiye anayekijua kuliko sote. Kosa lake ni kwamba mlikaa naye miezi mitatu mkidhani ni msikilizaji mwenzenu. Angesema siku ya kwanza "jamani, hivi naviuza mimi," msingemkimbia. Mngemsikiliza kama mnavyomsikiliza muuza samaki anayesema samaki wake ni wa asubuhi: mngefunua shavu kwanza. Alichokunyima ni ile nafasi ya kufunua shavu. Marekani walilitia jambo hili kwenye miongozo yao ya matangazo waliyoirekebisha mwaka 2009, kwamba mwenye blogu anayesifia bidhaa aliyolipwa au kupewa bure aliseme hilo wazi.

Wala si lazima awe muongo. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa kampuni ya Harman inayotengeneza spika, waliwaweka wasikilizaji 40, wote waajiriwa wa kampuni hiyo hiyo, kusikiliza spika nne. Walipoziona, alama zilifuata ukubwa, bei na jina. Pazia lilipofungwa, alama zikabadilika. Watu wale hawakuwa wakimdanganya mtu. Walisikia kile macho yao yalichotaka. Mwenzenu, mwenye mtaji wake umo ndani ya hivyo visanduku, naamini anaisikia hiyo hewa kikweli.

Mimi nina haki gani ya kumsema? Zamani duka moja lilikuwa likinipa cha juu, elfu thelathini kwa kila amplifaya niliyoipendekeza. Akaja bwana mmoja kutoka Jambiani, anataka mashine ya kupigia harusini, nikamwelekeza huko. Haikuwa mashine mbaya, lakini ilikuwa ndogo kwa kazi yake, na nilijua. Baada ya miezi miwili aliirudisha kwangu imefungwa kwenye shuka, transfoma imeungua. Habari za kile cha juu nilichopewa alikuja kuzijua kwa mdomo wa kijana wa dukani. Hakugomba. Alisema, "Fundi, ungeniambia tu." Niliitengeneza bure, na tangu hapo hajapita mlangoni kwangu.

Kwa hiyo muulize kundini, mbele za watu na kwa adabu: "Ami, hiki umekinunua, umepewa, au unakiuza?" Maswali matatu, jibu moja. Halafu mwombe akuazime siku mbili. Akikubali, pima kama nilivyokueleza, na zile namba mbili za volti ziweke kundini pamoja na alama zako. Na mimi nitumie, hata zikiwa 5 kwa 10.