Uganda kwa hema na watoto watatu: sisi siku hizi tunahesabu usiku, sio kilomita

Watu wakisikia tumeenda Uganda na gari letu, hema na watoto watatu, swali la kwanza ni mmefika mpaka wapi, utadhani tulikuwa kwenye mashindano ya magari. Mwaka huu jibu langu fupi tu: siku 11, tumepiga hema sehemu 3. Mwaka juzi tulilala sehemu 6 kwa siku 8, na hiyo ndo sababu naandika hapa.

Ile safari ya kwanza tulitoka Bukoba alfajiri, Mutukula mpakani, Masaka, Kampala, kesho yake Jinja, halafu huyo Murchison, kwenye maporomoko ya Nile. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Mkubwa alianza kutapika Lukaya, palepale wauza gonja (ndizi za kuchoma) na nyama choma walipoizunguka gari, madirisha yako chini, vijiti vya nyama vishaingia mpaka ndani, na mtoto anatapika, jamani nilitamani ardhi inimeze. Murchison tumefika giza limeshaingia, hema tumepiga kwa tochi ya simu tunagombana. Asubuhi tunawapeleka kuona Nile nzima inavyojibana kwenye upenyo wa mita kama 7 halafu inadondoka zaidi ya mita 40, mimi machozi yananilenga, mziwanda kalala begani kwa baba yake, na wa kati anauliza tunarudi lini kwa bibi.

Kwa hiyo mwaka huu tukakubaliana: barabarani masaa manne, matano siku ya mpaka, na hema likishasimama halitolewi kesho yake. Tukaenda ziwa Nabugabo usiku 3, hifadhi ya Mburo 2, ziwa Bunyonyi 4, kurudi tukalala Mbarara gesti, kitanda na maji ya moto, wala sioni aibu. Nabugabo ni karibu tu na Masaka, nyasi mpaka ziwani, na uzuri wake ni kwamba hakuna cha maana cha kufanya. Siku ya kwanza ya safari watoto hawataki vivutio, wanataka kukimbia.

Mpakani sasa. Kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria, na cheti cha kuzaliwa beba hata kama hakijaulizwa, na kama mzazi mmoja anabaki nyumbani aandike barua ya ridhaa. Gari kama kadi sio jina lako, barua ya mwenye gari. Halafu kuna kadi mbili za njano na watu wanazichanganya kila siku: moja ya chanjo ya homa ya manjano, nyingine ni bima ya gari ya COMESA ya kuvukia mipaka. Mimi nilisimama dirishani namkabidhi mtu wa afya bima ya gari letu, Noah, akaniangalia, akasema mama hii itamkinga mtoto na nini? Foleni nzima ikacheka. Forodha nao watakuandikia kibali cha gari chenye tarehe ya mwisho, isome hapohapo kabla hujaondoka.

Lugha msiogope. Madereva wa malori, polisi, askari wa hifadhi, Kiswahili kipo, ingawa wazee wengine kule upande wa Masaka Kiswahili kinawakumbusha wanajeshi na vita ya 1979, kwa hiyo anza na salamu taratibu. Ukifika Mbarara sisi Wahaya ndo tunapumua kabisa, Kinyankole na Kihaya ni ndugu, unatupia "agandi" yako na bei ya ndizi inashuka.

Mburo ndo tulipotaka kukosea tena. Kiingilio cha hifadhi kinahesabiwa masaa 24, sasa na familia ya watu watano usiingie tu kichwa kichwa. Usiku wa kwanza tulilala kambi ya nje ya geti, watoto wakalala mchana wakaoga, kesho yake tukaingia saa tatu na kulala ndani, hapo tu ndo tulivunja sheria yetu ya hema, tukatoka asubuhi kabla saa hazijaisha. Pundamilia wanakaa karibu na barabara kama ng'ombe wa jirani. Usiku lakini viboko wanapanda kutoka ziwani kuja kula majani, na hapo penye majani mafupi mazuri ndo na wewe umepiga hema lako. Saa nane usiku mziwanda anasema mama mkojo, nasikia nje krap, krap, krap, kitu kinang'oa majani, pumzi yake naisikia kama iko kwenye mto wangu. Askari alishatuambia jioni, "Mama, usiku usitoke, mwache ale aende zake." Tulikuwa na kopo la rangi la lita nne lenye mfuniko. Orodha zote za vitu vya kubeba nilizosoma hakuna iliyotaja hilo kopo, na kwangu mimi ni namba moja, kabla hata ya chandarua.

Barabara ya Masaka kwenda Mbarara ina malori ya Rwanda na Congo mchana kutwa, usiku usiendeshe kabisa na watoto. Chakula cha njiani msihangaike kupika, rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na kikomando (chapati ya kukatwakatwa kwenye maharage) wanangu walikula mpaka leo wananiuliza kwa nini kwetu chapati haikatwikatwi kwenye maharage.

Bunyonyi palitaka kutuponza pia, maana uko Kabale, Katuna, mpaka wa Rwanda, hiyo hapo, Kigali unaiona kwenye ramani kama kwa jirani, na baba watoto akaanza "tuguse tu turudi". Rwanda wanaendesha kulia, sisi kushoto, na siku moja ya kugusa inakula siku mbili za watoto. Nilikataa. Siku hiyo walishinda na kijana mmoja wa mtumbwi anawafundisha kupiga kasia, mtumbwi wa gogo unazunguka palepale kama kuku aliyekatwa kichwa, wanacheka mpaka wanakohoa. Jaketi za kuokolea ni lazima, kina kinaanza palepale pembeni. Na baridi jamani, ziwa liko karibu mita 2000 juu, mwezi wa sita usiku ni soksi na masweta na blanketi moja moja la nyongeza, vishuka vyetu vya Bukoba havikufua dafu.

Mtungi wa gesi ujaze kabla hujavuka. Wetu uliisha siku ya pili Bunyonyi, tukamalizia na sigiri (jiko la mkaa) ya kuazima kwa mama wa jikoni pale kambini, ambaye kila asubuhi alikuja kuangalia kama naichochea vizuri, na hakuwahi kuridhika.