Nilivyoshusha resi ya skuta kwa safari ya Mtwara–Lindi

Kila Ijumaa nikitoka kazini Mtwara mjini napanda skuta kwenda Lindi kumwona mama, Jumapili narudi. Ni kilomita mia na kidogo kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Skuta yangu ni ya Kichina, injini ya GY6 ya cc 125, ile ile iliyomo kwenye skuta nyingi za bei ya kawaida. Kwa kwenda sokoni haina neno. Ila ukishapita Mikindani, ukashika mwendo mmoja, injini inalia kama inayoomba gia nyingine, na gia nyingine haipo. Nilikuwa nikifika Mnazi Mmoja ya huku Lindi vidole vimekufa ganzi, na masikio yanavuma mpaka wakati wa kulala.

Niliishi na kelele hiyo zaidi ya mwaka nikidhani ndivyo skuta zilivyo. Leo natembea kilomita 60 kwa saa injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika (hiyo ndiyo resi), zamani ilikuwa 6,500. Ukisoma unaona ni kidogo, lakini ukikaa juu yake saa mbili utaijua tofauti. Naandika kwa sababu mafundi wengi wa huku wamezoea pikipiki za cheni. Pikipiki ya cheni ina resi kubwa? Unaongeza jino moja kwenye sproketi ya mbele, kazi imekwisha. Skuta ikiletwa, wengi wanaigusa kwa kubahatisha, na gharama ya kubahatisha unailipa wewe mwenye skuta.

Skuta haina cheni. Ina mkanda wa mpira unaozunguka kwenye pulii mbili, na kila pulii ina sahani mbili zinazoweza kukaribiana au kuachana. Pulii ya mbele, ndiyo variata, ina rola sita ndani yake. Injini ikikolea, rola zinatupwa nje, zinaisukuma sahani, na mkanda unapanda juu, ndiyo gia ndefu: mwendo ule ule kwa resi ndogo. Pulii ya nyuma ina springi nene inayopinga, haitaki sahani zake ziachane upesi. Gia ya skuta ni huo mvutano kati ya rola na springi. Rola nyepesi zinahitaji resi kubwa ndipo ziishinde springi. Rola nzito zinaishinda mapema, resi ikiwa bado chini.

Sasa hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo naomba usomaji wa taratibu. Rola haziongezi gia. Zinaamua tu mkanda upande mapema au uchelewe. Mkanda ukishafika juu kabisa, hata uweke rola za kilo, resi haishuki tena, maana nafasi imekwisha. Kabla hujanunua chochote lazima ujue kama mkanda wako, ukiwa kwenye mwendo wako wa safari, bado una nafasi ya kupanda.

Na kujua ni rahisi mno. Fungua kava la kushoto, chukua maka peni, chora mstari mnene kwenye uso wa sahani ya mbele kutoka pale mkanda ulipokaa hadi ukingoni. Funga. Nenda barabarani, endesha kwa mwendo wako ule ule, usizidishe mafuta hata mara moja, kisha rudi ufungue. Mkanda utakuwa umefuta wino mpaka pale ulipofika. Mimi nilikwenda hadi Mikindani na kurudi, kilomita 60 kwa saa kwa kufuata simu, kwa sababu mshale wa skuta unadanganya. Nilipofungua, ukingoni palibaki wino mweusi wa kama milimita 5, safi kabisa, haujaguswa. Nafasi ilikuwepo. Kama wako umefutwa wote hadi ukingoni, achana na rola, dawa yako ni gia za gurudumu la nyuma, yale meno ya chuma yanayopeleka mzunguko wa pulii ya nyuma kwenye gurudumu, na nitazigusia chini.

Kitu kingine nilichonunua kabla ya rola ni kipima resi kidogo, kile ambacho waya wake unauviringisha tu kwenye waya wa plagi. Skuta yangu haikuja nacho. Bila kipimo utabaki kusema "nahisi imetulia", na sikio likishatamani jambo hulisikia hata kama halipo.

Nilipozitoa rola za zamani nilizipeleka kwa sonara mmoja sokoni, nikamwomba mizani yake. Ya kwanza gramu 10.9, nyingine 10.2, zote ubavuni zimeandikwa 11. Mbili zilikuwa zimelika zikawa bapa upande mmoja, ukizibingirisha mezani zinagonga, tak, tak. Rola ya hivyo haitelezi sawasawa, inanasa njiani, kisha inaruka. Ile tabia ya skuta yangu kusita nikiwa kwenye kilomita 40 ilikuwa imetoka humo, na mimi nimeshabadilisha plagi mbili kwa kosa lisilo lake.

Kwa tamaa nikaagiza rola za gramu 15 kutoka Dar. Tambarare ilikuwa raha, kipimo kikisoma 5,600. Nilipoanza kupanda kutoka bondeni Mikindani, na mfuko wa mchele kwenye miguu, skuta ikafa nguvu. Nafungua mafuta yote, mwendo unashuka hadi 30, injini inatetemeka na haitaki kukolea. Hali hiyo ni mbaya kuliko kelele. Injini hizi zinapozwa na feni iliyofungwa kwenye shafti ya injini yenyewe. Resi ikiwa chini feni nayo inapuliza kidogo, huku wewe umefungua mafuta yote. Hapo unaipika. Nikashuka hadi gramu 13 na hapo nimebaki. Seti ya 13 sikuipata, nikanunua za 12 na za 14, nikazipanga tatu tatu kwa kupishana, 12, 14, 12, 14, ili uzito ugawanyike sawa. Inafanya kazi vizuri tu.

Usikubali fundi apake grisi ndani ya variata bila kujua yako ni ya aina gani. Yangu rola zake hukaa pakavu. Mara ya kwanza fundi alipaka kwa nia njema, grisi ikarukia mkanda, mkanda ukateleza, na nikasukuma skuta jua la saa nane.

Na wakati wa kufunga, kuna kosa moja la hatari. Zitanue kwa mikono sahani za pulii ya nyuma mkanda uzame ndani, ili mbele ulegee. Usipofanya hivyo, mkanda unabanwa kati ya sahani za mbele. Nati inakaza vizuri, unadhani umemaliza, kumbe imekaza dhidi ya mpira. Ukiwasha, mpira unaachia nafasi, nati inalegea, na meno ya shafti yanasagika. Kabla ya kufunga kava zungusha pulii kwa mkono uhakikishe mkanda hauna mbano.

Mkanda wenyewe ukishachakaa unapungua upana, na ukipungua haufiki tena juu pale mbele, kwa hiyo resi ya safari inapanda polepole bila wewe kugundua. Wa kwangu ni 743-20-30, yaani urefu milimita 743, upana 20. Pima upana kila unapofungua. Pia toa vumbi la mpira na mchanga, maana barabara zetu za mitaani hazina huruma.

Gia za nyuma sikuzibadilisha, na sababu ni upepo wa kusi. Miezi ya kusi nikienda Lindi unanisukuma mgongoni, nikirudi Jumapili unanipiga usoni njia nzima. Mzigo ukizidi, pulii ya nyuma inajibana, mkanda unashuka mbele, na resi inarudi 6,400 hata kwa rola hizi nzito. Ndivyo ilivyotengenezwa, iombe msaada pale inapolemewa. Nikiweka gia ndefu kwenye injini ya cc 125, hiyo Jumapili ingekuwa mateso. Mwenye cc 150 anayesafiri peke yake anaweza kuzifikiria.

Ijumaa ya kwanza baada ya kufunga za 13, mama alitoka nje mimi nimeshaegesha. "Umekuja na gari la nani, mwanangu? Sijasikia pikipiki." Zamani alikuwa akinisikia tangu barabara kuu, anaweka chai jikoni.

Rola za 11 zilizonyooka bado ninazo, nne, ziko kwenye kopo chini ya siti pamoja na mkanda wa akiba na spana ya nati ya variata.